Unga Si Vumbi

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kuna neno nimelificha tangu kabla hujazaliwa, na leo nimeamua kulitoa. Nikianza na salamu nitaghairi, najijua, ndiyo maana nimelitanguliza. Sasa salamu.

Hapa hatujambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kuwa hajambo. Mkwe wangu ananilisha kama kifaranga na kunigombeza kama mtoto. Daktari ameacha kunidanganya, nami nimemshukuru. Ameniambia moyo umechoka na nisianze kusoma kitabu kinene. Nimemjibu kwamba vinene vyote nimeshavimaliza. Shemeji yangu, baba yako, anaendeleaje? Masikio je? Mfikishie salamu zangu. Atajifanya hakusikia, na hapo usiyalaumu masikio.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa hasira. Yaani umelichukua lile tope jeupe linalotiririka kwenye misumeno ya marumaru hapo karakanani kwenu, ukalianika, ukalisaga, ukalichekecha, ukautia unga wake kwenye zege mahali pa sehemu ndogo ya saruji. Ukamimina makalavati. Vipande vya majaribio vikapasuliwa kwa mashine mbele ya macho yao, vikaonekana vina nguvu kuliko vya zege la kawaida. Halafu kamati ya ujenzi inakurudishia kazi yako kwa sababu kitabu cha kanuni kinasema, "Zege lisitiwe vumbi la aina yoyote"! Watu wazima wenye vyeti ukutani! Mtu analowa chapachapa huku akishikilia kwamba mvua hainyeshi kwa kuwa kalenda inasema ni kiangazi. Huyo tumwiteje? Na lile tope linaporundikana nyuma ya karakana, likaziba mtaro na kuingia majumbani mwa watu, hakuna kanuni inayolikataza. Ila likitaka kuwa na manufaa, hapo ndipo sheria inapoamka usingizini.

Basi sikiliza. Kitabu hicho nilikitafsiri mimi, nilipokuwa mhandisi wa ofisi ya ujenzi. Kanuni ya asili haikutaja vumbi. Ilitaja udongo mwororo wa mfinyanzi, ule unaozivika kokoto utando na kunywa maji ya zege mpaka saruji ikakosa pa kushika. Onyo hilo ni la haki kabisa. Unga wa mawe ni kitu kingine. Ukiutia kwa kiasi, unajipenyeza katika vijinafasi vilivyobaki kati ya chembe za mchanga, na zege linashikamana barabara. Ukiuzidisha utadai maji mengi na kulidhoofisha zege, lakini hata chumvi ukiizidisha utaimwaga sufuria.

Mimi niliandika "vumbi". Neno moja tu, na waliokuja baada yangu wamelinyenyekea kama sala. Nilikosea katika kutafsiri, mwanangu, kisha nikaona haya kusema. Ndilo hilo.

Mimi mjomba wako.


Tarehe 19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Baba anakohoa asubuhi tu, anasema ni kohozi la kuamkia. Masikio ndiyo yameziba kabisa, siku hizi tunasemezana kama watu walio kwenye ng'ambo mbili za mto. Nilipompa salamu zako alisema, "Eeh?" Nikarudia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Akasema, "Nilisikia mara ya kwanza." Mkaza mwanao mwambie namshukuru kwa kukutunza, na asichoke kukugombeza.

Mjomba, neno moja! Nimekaa nayo barua yako juu ya rundo la vigae nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. Unajua nilivyofanyiwa kule kwenye kamati? Mwenyekiti wao tunamwita Mkasi, maana kila kinachopita mbele yake hukikata. Alichota unga wangu kwa vidole viwili, akanusa.

"Binti, hili si vumbi hili?"

"Ni unga wa mawe, mheshimiwa."

"Unga! Unapikwa?"

Wakacheka wote, mpaka karani. Kisha mmoja akasema pembeni, lakini si pembeni sana, "Huyu ni binti wa Mzee Vumbi. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Hapo ndipo penye kidonda, wala sitakizungukia. Baba aliitwa Vumbi tangu lilipoanguka dari la baraza ya zahanati, akiwa fundi mkuu wa uashi pale na wewe ukiwa mhandisi. Taarifa uliyoandika wewe ilisema zege lilidhoofishwa na vumbi alilotia fundi. Seremala aliyekuwa chini yake alipoteza mguu. Tangu hapo hakuna aliyempa baba hata ukuta wa choo ajenge. Akaishia kwenye misumeno, kukata mawe ya makaburi na ya jikoni kwa watu, akilala na kuamka ndani ya kitu kilekile alichosingiziwa. Vijana tuliowaajiri mwaka huu wanamwamkia "Shikamoo Mzee Vumbi" kwa heshima kabisa, wanadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Naye anaitika.

Sasa kama neno la kitabu lilikuwa kosa, je, na la taarifa? Kama unga huu hauangushi kitu, dari liliangushwa na nini?

Nakuomba mambo mawili, mjomba. Iandikie kamati tamko kwamba tafsiri ilikosewa. Na unijibu hilo swali.

Mpwao.


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilizidiwa, wakanipeleka hospitali, wakanirudisha. Wenyewe walishindwa kuamua kama mimi ni mgonjwa au ni mzee. Muuguzi mmoja alinipigia kelele sikioni kama vile mimi ndiye shemeji yangu. Nilimwambia, "Mama, kinachokufa ni moyo, masikio bado yapo kazini." Tangu siku hiyo alininyima mto wa pili. Mkwe wangu yuko salama, amepaka rangi mlango wa mbele bila kuniuliza.

Tamko nimeliambatisha, nimetia saini na kueleza tofauti ya mfinyanzi na unga wa mawe kwa lugha ambayo hata huyo Mkasi wako ataielewa, akitaka. Wakikuuliza kwa nini halikuletwa mapema, waambie waniulize mimi, na wafanye haraka.

Kuhusu zahanati, hayo ni mambo ya zamani na yana pande nyingi. Waliokuwapo wengi wao ni marehemu. Taarifa huandikwa kwa yale yanayojulikana siku ile. Nakushauri uitazame kazi iliyo mbele yako na usichimbue msingi wa nyumba ambayo watu bado wanaishi ndani yake. Wewe ni mtaalamu, unajua kwamba mtu hachanganyi mambo mawili katika ndoo moja.

Tena, kwa kweli, sikupendezwa na namna ulivyouliza. Mimi si shahidi kizimbani. Ni mjomba wako.


Tarehe 21 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa hospitali. Mto nitakutumia.

Kamati imekaa. Tamko lako lilisomwa, na lazima niseme kweli, lilisomeka vizuri. Walikubali. Neno litabadilishwa, na makalavati yangu yatawekwa chini ya barabara moja kwa majaribio. Nilipaswa kurudi nyumbani nikiimba.

Lakini kabla hatujatoka Mkasi alifunga faili, akajinyoosha, akasema, "Basi na yule mzee wa watu, tumsamehe." Wengine wakaitikia, "Tumsamehe, tumsamehe," kama watu wanaomsamehe mbuzi aliyekula majani ya ua. Kumsamehe! Mtu amebeba aibu isiyo yake maisha yangu yote, halafu wanamtupia msamaha kama chenji ya mwisho ya sokoni! Nilisimama nikauliza, "Amewakosea nini?" Mkasi akasema, "Binti, umeshapata ulichotaka. Usianze."

Nikaenda moja kwa moja karakanani. Baba alikuwa anaosha msumeno. Nikampigia kelele, "Baba! Mjomba amesema alikosea! Alitafsiri vibaya! Alidhani unga na vumbi ni kitu kimoja!"

Baba akafunga maji. Akacheka, mjomba, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Alidhani?" akasema. "Mjomba wako? Yule aliyekuwa akinisahihisha nikisema 'kuku yangu imekufa' badala ya 'kuku wangu amekufa'?"

"Amesema alikosea neno."

"Hajakosea neno hata siku moja tangu nimfahamu. Mwenyewe alikuwa akiita unga. Siku tunamimina lile dari alipanda ngazi, akatazama mchanganyiko, akasema, 'Shemeji, ongeza unga kidogo, usiogope.' Mimi nilikuwa sijui hata kama una faida. Yeye ndiye aliyenifundisha. Akaniambia, unga hupepetwa, vumbi hufagiwa, usije ukavichanganya."

"Sasa vumbi lilitoka wapi?"

"Liliingia kwenye taarifa kwanza. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, nalo likawamo."

"Baba, dari liliangushwa na nini?"

Akafungulia maji tena. Akasema, "Muulize mwenyewe. Si langu kulisema."

Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Uliniambia ulikosea. Mtu anayeyajua maneno mawili, akafundisha wenzake tofauti yake, kisha akachagua lile baya, huyo hakukosea. Kunitumia tamko zuri la tafsiri ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hasira zako zote kwa kamati nilizipenda, nilizisoma kwa sauti, nikasema, mjomba wangu huyo! Kumbe ulikuwa unawapigia kelele watu waliotii neno ulilowaandikia.

Sitaki tamko jingine. Nataka kujua kilichoangusha dari. Mpaka unijibu, usiniandikie salamu.

Mpwao.


Tarehe 5 Mei

Mpwa wangu,

Umeniandikia maneno ambayo marehemu dada yangu, mama yako, asingethubutu kuyatamka mbele yangu. Nilikulipia shule. Nilikuonyesha mimi kitabu cha kwanza cha zege ulichokishika. Na leo, ninapohesabiwa pumzi, unanisimamia kichwani kama hakimu!

Baba yako angekuwa na la kusema angelisema zamani. Amenyamaza kwa hiari yake, naye ni mtu mzima. Kazi yako imekubaliwa. Neno limerekebishwa. Unataka nini zaidi, nifukuliwe kabla sijazikwa?

Nina haki ya kufa kwa utulivu.


Tarehe 14 Mei

Mjomba,

Baba ameisoma barua yako. Ameikunja vizuri, kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia. Amesema nikuache upumzike, kwamba yeye alishakusamehe siku nyingi.

Mimi siwezi kukusamehe, kwa sababu sijaambiwa cha kusamehe.

Umesema alinyamaza kwa hiari yake. Nimemuuliza hilo kwa kumwandikia kwenye kipande cha kigae, ili asisingizie masikio. Alikisoma, akakifuta kwa kiganja, akaenda kukaa nje. Mkono wake ulikuwa mweupe pepe kwa unga. Kijana mmoja akapita akamwambia, "Mzee Vumbi, ukinawa leo tutakusahau sura." Akacheka naye.

Mimi sikucheka. Hiyo si hiari, mjomba. Hiyo ni kazi uliyompa, na bado anaifanya.


Tarehe 8 Juni

Mpwa wangu,

Hukutaka salamu, basi sikupi. Mwandiko ni mbaya, vumilia. Mkwe wangu alitaka kuniandikia nimtajie, nimekataa. Haya ni lazima yawe ya mkono wangu, mtu asije akasema mzee aliwekewa maneno mdomoni.

Baba yako amesema kweli. Nilikuwa nikiita unga. Nilikuwa nimesoma habari zake, nikataka kuujaribu, na yeye alinikubalia kwa kuniamini. Vipande vya majaribio vya zege lile nilivipasua mwenyewe maabara vilipotimiza mwezi wa kukomaa, baada ya ajali, mlango ukiwa umefungwa. Mshale wa mashine ulipanda kupita alama niliyoitarajia, ukaendelea kupanda. Nilivifagia vile vibomoko na kuvitupa. Taarifa ilikuwa imeshaondoka mezani kwangu.

Zege lile halikuwa na kosa. Lilikuwa bichi.

Wewe unajua, lakini nitaandika kwa ajili ya wengine utakaowasomea. Dari la zege hushikiliwa kutoka chini kwa mirunda, miti iliyosimamishwa karibu karibu, mpaka zege lijiweze. Hungojwa mwezi. Juu hukauka upesi na kudanganya, ndani bado halijakomaa. Kabla ya wiki ya pili kwisha nilikwenda pale zahanati na lori. Nikamwambia seremala aingie chini ya dari aanze kuing'oa mirunda na kuipakia.

Baba yako alikuja mbio, mikono imejaa saruji, akasimama mbele ya lori.

"Shemeji, bado bichi hilo."

"Limekauka. Gonga usikie."

"Limekauka juu. Hata mkate hukauka juu, ndani ni unga mtupu."

"Shemeji, nani mhandisi hapa?"

"Mhandisi ni wewe," akasema. "Lakini anayeingia chini si wewe."

Nilimwambia mirunda inahitajika haraka kwenye kazi nyingine ya serikali, na kwamba akiendelea kunizuia nitamwondoa kazini. Nilimsogeza kwa bega. Lori lilijaa, likaondoka nami. Seremala alibaki anang'oa iliyosalia, na hapo ndipo lilipomshukia. Dereva nilimtafutia uhamisho wa mbali wenye cheo, naye hakuuliza kwa nini. Seremala mwenyewe alipozinduka hakukumbuka hata lori. Alikufa akiamini kwamba mguu wake uliliwa na vumbi la baba yako. Kila walipokutana alihamia upande wa pili wa barabara kwa mkongojo wake, na baba yako alisimama mpaka apite.

Nilikwenda nyumbani kwenu kabla ya uchunguzi kuanza. Mama yako alikuwa na mimba yako, alikuwa amelala chumba cha pili. Nikamwambia baba yako kwa sauti ya chini, "Ukisema, nitafungwa, na mke wako atamkosa kaka yake wa pekee. Ukinyamaza, wewe utapoteza kazi moja tu, nami nitakutafutia nyingine." Nilimtumia dada yangu kama ngao, naye akiwa nyuma ya pazia, hajui kitu. Baba yako alitazama pazia la chumba cha pili. Akasema, "Sitasema. Lakini wewe utasema, siku utakapoweza." Hakukubali kwa hiari, alikubali kwa kuningoja. Ameningoja mpaka masikio yakaziba. Kazi nyingine sikumtafutia, nilikuwa namkwepa.

Taarifa ilihitaji sababu, nikaandika vumbi, kwa kuwa hakuna mtu anayelitetea vumbi. Halafu mmoja wa wachunguzi akauliza swali la akili, "Lakini kuna kanuni inayolikataza?" Haikuwapo. Nilipopewa kile kitabu nikitafsiri, nikahakikisha ipo. Kwa hiyo usiwaambie watu kwamba nilikosea. Kanuni iliyowafunga mikono mafundi wote wa nchi hii, na kuwaacha wakizoa tope kwenye mitaro yao miaka yote hii, niliiandika ili mtu mmoja aonekane ameivunja.

Barua yangu ya kwanza ilijaa hasira, nawe ukanisuta kwa hasira hizo. Zilikuwa za kweli. Nilikasirika kuona uongo wangu umeishi vizuri kuliko mimi, unaheshimiwa, una ofisi, una watu wa kuulinda. Nilitaka wao wauangushe, nisilazimike mimi.

Isome hii kwenye kamati, yote, na Mkasi awepo. Kisha isome karakanani, mbele ya hao vijana, kwa sauti ambayo baba yako ataisikia. Tamko la mwanzo lichane.

Umeniuliza tena na tena kilichoangusha dari, na hata sasa sijakujibu lote. Nimekutajia lori, sikukutajia lilikokwenda. Baba yako mpaka leo anaamini lilikwenda kwenye kazi ya serikali, kama nilivyomwambia. Hapakuwa na kazi ya serikali. Nilikuwa najenga nyumba yangu, miti ilikuwa adimu, na mafundi wangu walikuwa tayari kumimina. Mirunda ya zahanati ilisimamishwa ndani ya chumba hiki ninachokuandikia, kushikilia dari hili lililo juu ya kitanda changu. Na hili nililingoja mwezi mzima.